Betri Nane za Kemasaru

Susuni, Tarime
21 Aprili 2023

Mdogo wangu Elkana,

Sisi tuko salama. Mama goti bado linamsumbua, lakini kanisani anafika na kurudi. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikikupigia naambiwa simu haipatikani, na Nashoni anasema lori lake litapita Robanda Jumatatu kuchukua mtama. Barua itakufikia kabla hujapanda kile kichuguu chenu cha kutafutia mtandao.

Kwanza, ero kamano, asante sana, kwa betri ya mwaka jana. Uliposema imetoka kwenye gari la umeme la watalii, kwamba gari limeichoka lakini nyumba bado itaifurahia, nilidhani unanitania. Huu ni mwezi wa kumi tangu uilete na taa zetu hazijazimika hata siku moja. Majirani wanakuja kuchaji simu mpaka wanasahau kusalimia.

La pili ni la shemeji yako. Ameingia Kemasaru. Tangu dhahabu ionekane pale mwezi wa pili, kila mwenye sururu amehama, hata walimu wanakwenda Jumamosi. Mahindi nimepalilia peke yangu. Obonyo ameshika duara, shimo la kuchimbia, pamoja na Mniko, jirani yetu, mume wa Bhoke, na vijana wawili. Wamefika futi themanini na hewa ya huko chini ni nzito. Wanashusha hewa ya juu kwa bomba, kwa feni ya jenereta, lakini moshi wa jenereta nao unaingia humo humo. Wakipanda juu wanatapika. Anauliza kama kuna betri nyingine kama ile yetu, nane hivi, za kuendesha feni mchana kutwa. Paneli za sola wanazo.

Mimi shimo silipendi, wewe unajua. Lakini kama ameshakataa kubaki nyumbani, afadhali avute hewa safi.

Dada yako,
Selestina Akinyi

*

Robanda, Serengeti
9 Mei 2023

Dada Selestina na shemeji Obonyo,

Shikamooni. Nashoni anawaletea masanduku manne, kila moja lina betri mbili. Someni barua hii kabla hamjagusa waya, ndiyo maana nimeiweka juu kabisa.

Hizi zimetoka kwenye gari moja lililostaafu mapema, kwa hiyo bado zina nguvu kuliko ile ya nyumbani. Nimezipima moja moja. Shemeji, kile kisanduku cheusi chenye nyaya nyembamba usikitoe hata kama mtu atakwambia kinapunguza nguvu. Ndicho kinachokata umeme betri ikizidiwa. Usizifunike kwa turubai. Zijengeeni kibanda chenye paa, pande ziachwe wazi, maana zikifanya kazi zinapata joto na zinataka kupumua. Na feni ikiwa inazunguka, mtu asiondoke pale.

Hapa kambini utaratibu ni kwamba betri zilizochoka zinarudishwa Arusha, kisha zinapelekwa ng'ambo zivunjwevunjwe, madini yaliyomo yatumike tena. Ni jambo zuri. Ila mimi naona vibaya kuvunja kitu ambacho bado kina kazi. Nne nyingine za gari hilo hilo nimempa mwalimu Venant wa Nyambureti, yule mtu wa Kagera, kwa taa za bweni la wasichana. Nikiona zinawaka huko, na feni inazunguka kwenu, nasikia kama nimezaa watoto.

Mnisalimie Mniko. Mwambieni akipata jiwe kubwa asimsahau fundi.

Elkana Ogada

*

Kemasaru
3 Juni 2023

Shemeji Elkana,

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Betri zinafanya kazi. Feni inaanza saa moja asubuhi na inasimama jioni, na hakuna tena anayetapika. Watu wa maduara mengine wanakuja kuangalia, wanauliza jenereta yetu iko wapi kwa sababu hawasikii kelele. Mniko anawaambia tunapulizwa na Roho Mtakatifu.

Mawe yameanza kubadilika rangi. Sitaki kusema mengi.

Asante sana.

Obonyo

*

Susuni
19 Juni 2023

Elkana,

Mniko amekufa. Tumemzika jana.

Ilikuwa Alhamisi. Kulikuwa na mvua tangu alfajiri, ya upepo, inaingia kibandani kwa ubavu. Obonyo akatupa turubai juu ya betri. Mniko na vijana wawili walikuwa chini. Karibu saa nne Obonyo akaenda barabarani kuwanunulia chapati, na ni mwendo wa dakika kumi tu. Alipokuwa anarudi akaona moshi mweupe unatoka chini ya turubai. Betri moja ilikuwa imepasuka inaungua. Zile nyingine zilikuwa bado zinafanya kazi, Elkana. Bado zilikuwa zinaizungusha feni, na feni ilikuwa inauvuta ule moshi na kuushusha shimoni kwa bomba la hewa.

Obonyo aling'oa nyaya kwa mikono. Ngozi ya viganja imebaki pale. Watu waliokimbilia wakamvuta kijana wa kwanza kwa kamba, akatoka anakohoa. Wa pili alikuwa amelegea. Mniko ndiye aliyemfunga kamba kiunoni. Kamba iliposhuka mara ya tatu haikushikwa na mtu.

Bhoke ana watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Pale msibani watu wanasema Obonyo alikuwa ameenda kunywa. Mimi nimeziona chapati. Zilikuwa kwenye mfuko, zimelowa, ameziweka dirishani na hataki zitupwe.

Wewe ndiye fundi. Niambie ni kitu gani kilichotokea.

Selestina

*

Robanda
27 Juni 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikalisha chini. Naomba umfikishie Bhoke pole yangu, nitatafuta njia ya kuja.

Kusema ilikuwa nini hasa nikiwa mbali ni vigumu. Betri za aina hii zikipata joto likakosa pa kutokea, seli moja inaweza kuvimba na kuwaka. Ndiyo maana niliandika zisifunikwe. Unasema alitupa turubai. Je, lilizifunika zote? Kwa muda gani? Na kile kisanduku cheusi, hakuna aliyekigusa?

Simlaumu shemeji. Mtu akiona mvua lazima afunike. Nauliza tu ili tujue.

Zile saba zilizobaki msizitumie tena. Zitenganisheni, ziwekeni mbali na nyumba, mahali pakavu. Nitawaeleza la kufanya.

Mungu awatie nguvu.

Elkana

*

Susuni
16 Julai 2023

Mdogo wangu,

Kikao kilikaa Jumamosi iliyopita, nyumbani kwa baba yake Mniko, mzee Waitara. Wapo waliotaka kuligeuza jambo hili liwe la Wakurya na Wajaluo. Mama yake Mniko akawakatalia, akasema mwanawe alikula kwetu miaka yote na hataki jina lake lichomee mtu nyumba.

Wakamuuliza Obonyo. Akasema alifunika, na aliondoka. Wakamuuliza kwa nini. Akavitazama viganja vyake.

Wazee wakataka kujua kama alikuwa ameonywa. Hapo nikasimama. Nilikuwa na barua zako zote mbili kwenye mkoba. Nilidhani zitamsaidia, Elkana, nilidhani zitaonyesha kwamba betri zililetwa na fundi anayejua kazi yake, si takataka iliyookotwa. Nikasoma ile ya mwezi wa tano, usizifunike, mtu asiondoke. Nikasoma na ya juzi. Nilipofika pale unapouliza kama turubai lilizifunika zote, watu wakaguna. Mzee Waitara akasema, "Inatosha, mama. Fundi mwenyewe amesema."

Obonyo alikuwa ananiangalia mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri niendelee, kama vile barua ina ukurasa mwingine.

Wameamua shamba letu la bondeni liwe la Bhoke na watoto wake. Obonyo amekubali kabla hawajamaliza kusema. Sasa hakai na watu. Kisimani anakwenda wakati wengine wametoka, na akimwona Bhoke barabarani anaingia kwenye mihogo ya watu mpaka apite. Viganja vyake vimeanza kupona, lakini vidole viwili havikunjiki.

Nimemsomea mume wangu hukumu kwa mdomo wangu. Najiambia nilisoma ukweli.

Selestina

*

Robanda
4 Agosti 2023

Dada Selestina na shemeji Obonyo,

Shikamooni. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana.

Hukusoma ukweli, dada. Ulisoma nilichoandika.

Gari lile halikustaafu. Tarehe mbili Aprili dereva alilazimisha kulivusha Grumeti wakati mto umejaa, likazama. Abiria walitoka salama. Gari lilikaa ndani ya maji siku mbili. Watu wa Arusha waliandika kwamba betri zake zisitumike kwa kazi yoyote, ziwekwe stoo peke yake mpaka wazifuate zikavunjwe kiwandani. Nilifungua kumi na mbili. Nikazianika juani wiki nzima, nikazipima, zote zikasoma vizuri kuliko nilivyotegemea. Barua ya dada ikaja kipindi hicho hicho. Nikasema moyoni hawa watu wa Arusha wanaogopa bure, mimi nimezishika kwa mikono yangu. Kwenye daftari la stoo nikaandika zimeharibika zote.

Maji yakishaingia betri kama hizo hayaonekani kwenye kipimo siku ile. Yanaacha kutu ndani, kutu inakula polepole, na siku moja vitu viwili visivyotakiwa kugusana vinagusana. Hilo nilikuwa nalijua. Nilijifunza darasani, nikafaulu mtihani wake.

Turubai huenda liliongeza joto. Huenda ingepasuka hata bila turubai. Sijui, na sitajua. Ninachojua ni kwamba nilipouliza kuhusu turubai nilikuwa natafuta mahali pa kujificha, na nilipopata nikajificha nyuma ya shemeji yangu.

Lazima niseme na hili. Nilipopata habari ya Mniko nilikwenda Nyambureti siku hiyo hiyo, kwa pikipiki mpaka mafuta yakaisha, kisha kwa miguu. Niliziondoa zile nne bwenini. Moja ilikuwa imevimba. Nilimwambia mwalimu Venant nazipeleka matengenezo.

Peleka barua hii kwa mzee Waitara. Isome kama ulivyosoma zile nyingine.

Elkana

*

Susuni
20 Agosti 2023

Elkana,

Obonyo hayupo. Aliondoka tarehe ishirini na tisa Julai, siku sita kabla hujaandika. Amevuka mpaka wa Sirari akaenda kwa ndugu zake Migori, na nasikia amerudi shimoni huko, kwa vidole vile. Hakuniaga. Alinivunia mahindi yaliyobaki, akatengeneza mlango wa jikoni uliokuwa unakwaruza, akaenda.

Nimeitazama tarehe ya barua yako ya mwezi wa sita. Nashoni alikupa barua yangu ya msiba Juni ishirini na tatu, nimemuuliza. Kwa hiyo siku ile ulikwenda Nyambureti, ukaiona iliyovimba kwa macho yako, na siku ya nne yake ukakaa chini ukaniandikia kuhusu turubai. Nyambureti ulikwenda kwa miguu. Kwetu ulituma karatasi.

Nimefikiri sana kama ni vyema kukwambia hili. Nakwambia. Nilikubeba mgongoni mama alipolazwa Shirati, ulikuwa na miaka miwili na mimi tisa, na watu waliponiuliza huyu ni nani nilisema ni wangu. Sijawahi kujuta kusema hivyo mpaka mwaka huu.

Barua yako siisomi kwenye kikao. Nimeshamaliza kusoma barua za watu mbele ya wazee. Nimeinakili, nakala nimempelekea Obonyo kwa mkono wa binamu yake. Kama unataka Bhoke ajue, miguu unayo.

Selestina

*

Migori, Kenya
17 Septemba 2023

Shemeji Elkana,

Nimesoma. Binamu ameniandikia hii kwa sababu mkono wangu haushiki kalamu vizuri, lakini maneno ni yangu.

Usibebe yote peke yako. Wiki moja kabla ya ile Alhamisi betri ya tatu ilikuwa na joto kuliko wenzake. Nikafungua kifuniko cha pembeni. Ndani nikakuta mchanga, ule laini wa mtoni, na kutu ya kijani kwenye shaba. Mchanga hauingii kwenye betri ya gari kwa upepo. Mimi nimekua kando ya mto, naujua. Nilikaa nao kiganjani muda mrefu.

Siku ile ndipo tulikuwa tumeona dhahabu ya kuonekana kwa macho kwenye mwamba. Mniko alikuwa anasema tukisimama hata siku tatu, watu wa duara la jirani watatoboa kutokea upande wao waichukue. Ningemwonyesha mchanga, angesimamisha kazi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo sikumwonyesha. Nikapangusa, nikafunga kifuniko.

Siku ya kikao, Selestina aliposoma pale unapouliza kama nilifunika, nilijua kwamba unajua. Nilingoja labda mwisho wa barua utasema. Na mimi mdomo ninao, ningeweza kuutaja ule mchanga. Lakini wangeuliza, uliuona lini.

Ndiyo maana shamba nilitoa haraka. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Selestina hili halijui.

Obonyo

*

Susuni
6 Novemba 2023

Shemeji Obonyo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwa dada. Kazi ya kambini imekwisha. Nilimwambia meneja habari yote ya stoo, akaniambia nifungashe. Ombi langu lilikuwa moja, betri zote kumi na moja zirudi Arusha, na nilikubaliwa. Zile saba za Kemasaru nilikuja kuzichukua mwenyewe. Nashoni alikataa kulala kwenye lori pamoja nazo, nikalala mimi. Zimepokelewa na watu wanaozivunja. Nilisimama pale nikazitazama zikipimwa uzito kama chuma chakavu. Mwalimu Venant naye nimemweleza. Akaniuliza wasichana wangapi walikuwa wanalala karibu na ile iliyovimba, kana kwamba mimi ndiye ningejua. Arobaini na mbili, akasema.

Kwa Bhoke nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Dada alinisindikiza mpaka penye njia panda akasimama hapo. Bhoke alikuwa anapukuchua mahindi pamoja na mama mkwe wake. Nilimsalimia mama, nikakaa chini, nikasema yote, mto, stoo, daftari, barua. Bhoke hakuacha kupukuchua mpaka nilipomaliza.

Akaniuliza, "Mume wangu alijua zilitoka mtoni?"

Nikasema hakujua.

"Angejua angezitupa."

Nikasema ndiyo, nadhani angezitupa.

Kisha akasema, "Nilikuwa na mtu mmoja wa kumchukia, na nilikuwa nimeanza kuzoea. Leo umeniletea wa pili. Nitawaweka wapi wote?"

Mama yake Mniko akaniambia niende, si kwa ukali, akasema jua limekuwa kali na mtoto anataka kulala. Nilipofika kwenye ua Bhoke akaniita. Alisema shamba harudishi, ameshapanda mihogo na watoto watakula. Lakini akasema nikuambie, ukirudi usiwe unaingia kwenye mashamba ya watu ukimwona. Pita barabarani. Anataka akuone ukipita.

Sijui kama huo ni msamaha. Dada anasema siyo, na anasema nisijaribu kuubandika jina.

Ule mchanga wako sikuutaja, kwa Bhoke wala kwa dada. Niliona ni wako kuusema au kutousema. Mimi nimeshasema ya mtu mwingine badala ya yangu, na unajua ilikoishia.

Dada hajaniambia nikuandikie haya yafuatayo. Anaamka mapema mno. Anaweka sahani mbili mezani, anarudisha moja. Juzi fundi mwingine alikuja kutaka kufunga taa mpya na akamwambia asubiri mwenye nyumba.

Rudi, shemeji. Kama tatizo ni kuniona mimi, niambie siku utakayovuka Sirari, na mimi nitaondoka asubuhi yake.

Elkana